Shati la Drili

Nimekuwa mpiga pasi katika hoteli moja ya Galu kwa muda mrefu, hata bega langu la kulia limeshuka kuliko la kushoto. Chumba chetu cha dobi kiko nyuma ya jiko, kina dirisha moja, na dirisha lenyewe linatazama ukuta. Watu wakisikia nafanya kazi hoteli ya ufuoni hudhani naona bahari. Bahari naiona kwenye mashati: chumvi nyeupe kolani, mchanga mfukoni, mafuta ya kujikinga na jua mgongoni.

Kwa sababu hiyo, nyumbani kwangu Kinondo sikupiga pasi. Bwanangu alilijua hilo tangu mwanzo na hakulalamika. Yeye ni seremala, fundi wa milango na vitanda, mtu wa vumbi wiki nzima, lakini siku ya Ijumaa alikuwa mtu mwingine. Asubuhi aliwasha pasi, akatandika shuka juu ya meza yake ya kazi, akalinyoosha shati lake mwenyewe pole pole, kama anayepiga randa ubao. Mimi nilimtazama nimekaa na chai yangu, miguu juu ya kigoda. Jirani mmoja aliwahi kuniuliza kama sioni haya. Nilimjibu kwamba haya ninayo, nguvu ndizo sina.

Nilipoanza kazi niliyajua mashati kwa rangi tu. Aliyenifungua macho ni mwenzangu wa dobi, mwanamke wa bara aliyeteremka pwani kutafuta kazi akiwa bado msichana. Nilikuwa nimeunguza shati la mgeni, nimesimama nalo mikononi, akalichukua akalipeleka dirishani.

"Anti, usiangalie rangi," aliniambia. "Angalia vile imefumwa. Pasi haijui rangi."

Nililiangalia. Na kwa kuwa nimelelewa na mama aliyesuka mikeka, nilipoangalia vizuri niliona kitu ninachokijua. Kuna nyuzi za mtande, zinazokwenda urefu wa kitambaa, na kuna nyuzi za mshindio, zinazokata katikati yake. Tofauti yote iko katika namna zinavyopishana. Popilini ni uzi mmoja juu, mmoja chini, basi, umebanwa sana. Inang'aa kwa usafi, lakini ukikosea mkunjo, mkunjo unabaki. Ile wanayoiita oksfodi nyuzi zake hutembea mbilimbili kama ukili wa kikapu. Ina chembechembe ukiipapasa, inakunywa maji na kukawia kukauka, lakini humsamehe mpigaji pasi. Drili ina mshazari: kila safu uzi unaruka na kusogea hatua moja pembeni, ndiyo maana unaona mistari imelala upande kama mvua ya kusi. Satini uzi wake huruka mbali kabla ya kuzama chini tena, kwa hiyo juu ni laini kama ngozi ya mtoto, lakini kucha ikipita tu, uzi umetoka.

Nilijifunza hayo kwa ajili ya pasi, nisiunguze mali ya watu. Sikudhani kama yangenifaa kwa jambo lingine.

Bwanangu aliugua mwisho wa masika. Alianza kwa kusema ubavu wa kulia unamwasha, akadhani ni upupu wa mbao. Siku ya pili yake malengelenge yalikuwa yametoka kwa mstari, kuanzia chini ya titi, yakapita kwapani, yakazunguka hadi mgongoni. Kule zahanati daktari hakuhitaji hata kumgusa. "Mkanda wa jeshi," alisema. Akatupa dawa ya kumeza na ya kupaka, na kweli malengelenge yalikauka, magamba yakapukutika, ngozi ikabaki na madoa meusi. Ndugu na majirani walikuja kusema alhamdulillahi.

Lakini maumivu hayakuondoka. Yalibaki ndani, chini ya ngozi iliyopona, na yalikuwa maumivu ya ajabu. Ukimwona hana kidonda. Lakini inzi akimtua ubavuni, mtu mzima yule aliruka na kupiga kelele. Feni hatukuiwasha tena. Alikaa kifua wazi, na kikoi kiunoni, mkono wa kulia ameuinua juu ya kiti cha pili ili usigusane na ubavu. Wateja wa milango walipokuja alizungumza nao kupitia dirisha. Msikitini hakwenda. Kila nguo aliyoivaa aliivua kabla hajafunga vifungo.

"Ni kama nini?" nilimwuliza siku moja.

Alifikiri. "Kama mtu anayepitisha msasa pole pole," alisema. "Hafiki mwisho."

Nami nilitoka kazini saa kumi, bega linaniuma, nikarudi nyumbani kupika, kuchota maji ya kumwogesha kwa kumwaga bila kusugua, na kufua mashuka. Siwezi kusema nilikuwa mke mwema wa hadithini. Nilimhudumia nikiwa nimechoka, na mtu aliyechoka huhudumia kimya kimya, bila maneno matamu. Naye aliuona uchovu wangu akajaribu kutouliza kitu. Nyumba ilikuwa kimya. Binti yetu, anayefundisha shule ya chekechea Msambweni, alikuja kila Jumamosi, na siku hiyo ndiyo nyumba ilikuwa na sauti.

Ni huyo binti aliyekuja na habari. Kijana mmoja wa hukohuko Msambweni, fundi wa pikipiki, alikuwa ameleta posa kabla baba hajaugua, na wazee wao sasa waliomba siku ya nikaha. Binti yetu aliketi mkekani, akamwamkia baba yake shikamoo.

"Baba, tungoje mpaka upone."

"Na nisipopona?"

"Basi amu atasimama badala yako. Umpe uwakili. Sheikh amesema inafaa, kuna baba wengi wanaowakilisha."

Bwanangu alitazama ukuta. "Najua inafaa," alisema. "Mimi nina mtoto wa kike mmoja. Nitakuoza kwa mdomo wangu."

Binti alinitazama mimi. Nilitazama chini, kwa sababu nilijua kilichofichwa ndani ya maneno yale. Mtu hawezi kwenda kuoza mwanawe kifua wazi.

Habari ilimfikia wifi yangu, dada wa bwanangu, ambaye ana cherehani yake karibu na Kona ya Musa. Wifi ni mwanamke wa kutenda. Kabla wiki haijaisha alikuwa amekuja na kitambaa cha melimeli kwenye mfuko, cheupe, chembamba hivi kwamba aliutia mkono ndani tukahesabu pete zake.

"Hiki ndicho," alisema. "Ndugu yangu hawezi kuvaa nguo kwa sababu nguo za siku hizi ni nzito. Nitamshonea kanzu ya hii. Hata hataisikia kama kavaa."

Ilionekana ni busara. Mimi mwenyewe niliunga mkono. Mtu anayeumizwa na nguo, mpe nguo iliyo karibu na si kitu. Wifi aliishona kwa upana, mikono mipana, kifua kipana, akaitia darizi shingoni kwa uzi mweupe. Alipoileta ilikuwa kanzu nzuri kuliko zote alizowahi kuzivaa bwanangu.

Tulimvisha uani. Upepo wa mchana ulikuwa unaingia kutoka upande wa minazi. Kanzu ilimshuka vizuri, na kwa kitambo kidogo sote watatu tulitabasamu. Kisha upepo ukaishika. Kitambaa kilijaa hewa, kikamwacha, kikamrudia, kikamwacha tena. Nilimwona bwanangu anafumba macho. Midomo yake ilipoteza rangi. Alijaribu kubaki amesimama, kwa ajili ya dada yake alijaribu, lakini akashika nguzo ya baraza.

"Nivueni," alisema. "Tafadhali, nivueni."

Tulimvua. Alikaa chini akiwa amejifunga mikono, jasho likimtiririka, na alipopata pumzi jambo la kwanza lilikuwa kumwomba dada yake radhi. Wifi aliikunja kanzu mara nyingi, ndogo ndogo, kama leso. Nilimsindikiza hadi langoni.

"Wifi," aliniambia, "mimi nimemshonea ndugu yangu nguo ya mateso."

"Umemshonea kwa mapenzi," nilisema.

Kuanzia hapo nilianza kutafuta. Pale hotelini wageni husahau mashati vyumbani, na yakikaa sana bila mwenyewe kuyadai msimamizi hutugawia. Nilimwomba ruhusa niyachukue yaliyokuwepo, ya kila mfumo, akaniruhusu. Mwenzangu wa dobi alinisaidia kuyachagua dirishani, akiyanyoosha moja moja kwenye mwanga.

Jioni nilikaa na bwanangu sebuleni, nikamwekea shati moja moja, kwanza juu ya paja ambako hakuna maumivu, kisha juu ya ubavu. Popilini aliikataa mara moja. "Hii ina makali kwenye mikunjo," alisema, na kweli popilini mpya hukunjika kama karatasi, na kila mkunjo ni ukingo. Oksfodi niliitumainia kwa sababu ni laini machoni, lakini zile chembechembe zake, ambazo mtu mzima wa afya hazisikii, yeye alizisikia moja moja. "Ni mchanga," alisema. "Umenimwagia mchanga."

Satini ndiyo iliyonipa moyo. Nililigeuza shati ndani nje, ule upande wa nyuzi ndefu ukawa kwenye ngozi. Alilivaa. Alikaa. Alikunywa nusu kikombe cha chai amelivaa, na mimi nikawa nakoroga chai yangu ambayo sukari ilikuwa imeshayeyuka. Kisha jasho lilitoka, maana ni pwani na feni imezimwa. Satini ilinata. Alipoinama kuweka kikombe, ilibanduka kwenye ngozi pole pole kama plasta, naye akaachia kikombe kikavunjika.

Niliokota vipande. Aliniangalia.

"Acha," alisema. "Nitampa ndugu yangu uwakili. Umechoka wewe."

"Nimechoka," nilisema. "Lakini nilichoka kabla ya haya."

Alicheka kidogo, akashika ubavu wake kwa sababu kucheka nako kuliuma. Na hapo niliona jambo nililokuwa nikiliona kila siku bila kuliangalia. Aliushika ubavu kwa kiganja kizima, akaukandamiza kwa nguvu, na uso wake ukatulia.

Siku ya kwenda kuchukua dawa nilimweleza daktari wa zahanati. Ni kijana mpole, huwa na watu wengi mlangoni, lakini aliweka kalamu chini.

"Akikandamiza mwenyewe hapati maumivu zaidi?"

"Anapata nafuu."

"Ndivyo wengi wanavyoniambia," alisema. "Mishipa iliyoharibiwa na ugonjwa huu huchukia kupapaswa kuliko kubanwa. Kitu kinachotembea juu ya ngozi ndicho kinachowatesa. Kuhusu nguo, mama, sijui nikwambie nini. Labda ujaribu kitu ambacho hakitembei."

Niliondoka na dawa za bwanangu. Kesho yake kazini ilikuwa siku ya sare. Watunza bustani wa hoteli huvaa mashati ya drili, rangi ya mchanga, na mengine ni ya zamani sana, yamepita kwenye mashine zetu mpaka rangi imekimbia. Nililishika moja la mzee ambaye amekata majani ya hoteli ile tangu sijaajiriwa. Nilikuwa nimelipiga pasi mara nyingi bila kulifikiria. Lilikuwa zito, lakini laini, limelegea kama ngozi ya sikio. Nililiweka juu ya mkono wangu. Halikuteleza wala halikupeperuka. Lilikaa pale nilipoliweka. Nilipuliza, halikusogea.

Nililipeleka dirishani, nikaona mshazari wake, ile mistari iliyolala. Nikakumbuka kwamba drili ukiivuta kwa upande hufuata mwili. Hainyanyuki kama popilini, hushuka na kukaa. Nilisimama pale mpaka mwenzangu aliniita.

"Anti, unalia?"

"Silii. Ni mvuke."

Sikuweza kumnyang'anya mzee wa bustani shati lake. Nilikwenda kwa muuza vitambaa Kona ya Musa, nikanunua drili mpya nyeupe ya pamba tupu. Drili mpya ni ngumu kama turubai. Ukimvisha mgonjwa hiyo umemvisha mlango. Niliichukua kazini, na msimamizi aliponiruhusu, mwenzangu akaitia kwenye mashine pamoja na mashuka ya vyumba, leo, kesho, na siku zilizofuata. Ikitoka tuliianika, ikikauka inarudi majini. Kila mara aliitoa akaisugua shavuni.

"Bado," alikuwa akisema. Kisha siku moja akasema, "Anti, hii nguo itaisha kabla ya arusi, walahi." Na alipoisugua shavuni safari hiyo hakuitoa haraka. "Chukua. Imeiva."

Nilimpelekea wifi. Aliipapasa mara moja tu, akaisukuma upande wa pili wa cherehani.

"Drili? Ndugu yangu akamwoze mwanawe kwa nguo ya askari wa getini?"

"Si kanzu, wifi. Ni shati la ndani. Lisilo na mikono, lisilo na kola, la kumbana kifua. Limkamate kama kiganja. Mishono yote iwe nje, ndani pasiwe na kitu."

"Na juu?"

"Juu kanzu yako. Itapeperuka juu ya drili. Haitamfikia."

Alichukua futi yake ya kupimia akaivuta kati ya vidole, akaiweka, akaichukua tena. Nilijua anaiona ile siku ya uani.

"Na ikimuumiza tena?"

"Basi tutamvua. Tumeshamvua mara nyingi."

Alilishona mbele yangu, akirudia mara mbili mishono ya ubavuni. Vifungo hakuweka, aliweka kamba za kufungia upande wa kushoto, upande usiouma, ili mtu asimguse kulia wakati wa kumvisha. Hilo lilikuwa wazo lake, si langu.

Safari hii tulimvisha ndani, mlango umefungwa. Aliinua mkono. Wifi alimzungushia kitambaa, mimi nikafunga kamba kuanzia chini, kwa kukaza, kama alivyoniambia daktari kuhusu kubana. Bwanangu alikuwa amefumba macho na amekaza taya. Nilipofika kamba ya mwisho wifi alirudi nyuma hatua.

"Vipi, kaka?"

"Ngojeni."

Tulingoja. Alivuta pumzi ndogo, kisha kubwa kidogo. Alishusha mkono wa kulia, pole pole, mpaka ukagusana na ubavu, kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu masika.

"Inauma," alisema. "Lakini inauma palepale. Haitembei."

Wifi alikaa kitandani akafunika uso kwa mtandio wake.

Hatukuamini mara moja. Alilivaa kila siku kwa muda kidogo, tukaongeza, na siku nyingine alilikataa kabisa. Kulikuwa na asubuhi aliyonifokea kwamba nimemkaza kama mzigo wa makuti, nami nikamfokea kwamba na ajifunge mwenyewe, nikaenda kazini bila kuaga. Jioni nilimkuta amelivaa, amejifunga kamba vibaya, anapima mbao za kitanda cha mteja.

Siku ya nikaha nyumba ilijaa mapema. Ndugu zake kutoka Vanga walifika na sufuria zao na vicheko vyao, wanawake wakatandaza mikeka uani, pilau ikachukua kiwanja chote. Binti yetu alikuwa ndani na hina mikononi na miguuni, amezuiwa kusogea. Mimi miguu ilikuwa imevimba tangu juzi. Kila nilipokaa mtu aliniita: chumvi iko wapi, sinia ziko wapi, mama wa bwana arusi amefika.

Baada ya sala ya alasiri niliingia chumbani kumfunga bwanangu. Drili kwanza, kamba kwa kamba. Kisha nikamvisha ile kanzu ya melimeli. Ilimshukia juu ya shati la ndani kama moshi. Nilimwinamia kuangalia kama drili inaonekana. Ilionekana kidogo, kivuli kifuani, lakini ukitazama haraka ungedhani ni fulana.

"Unanukia vitunguu," aliniambia.

"Nenda," nilisema.

Wanaume walikwenda msikitini, nasi wanawake tulibaki. Msikiti hauko mbali na kwetu, na kipaza sauti kilikuwa kimefunguliwa. Tulisikia khutba ya nikaha, watoto wakinyamazishwa. Wifi alikaa karibu nami, bega kwa bega. Kwa mara ya kwanza siku hiyo nilikuwa nimekaa, na hakuna aliyeniita.

Kisha tuliisikia sauti yake. Nilikuwa nimesahau ilivyo kubwa; kwa miezi alizungumza kama mtu anayeogopa kuiamsha ngozi yake. Alimtaja kijana kwa jina, akasema, "Nimekuoza binti yangu," kisha akamtaja binti kwa jina lake. Halafu akanyamaza.

Kipaza sauti kilibaki kinavuma. Ndani mle mna feni kubwa za darini, nazijua, huzungushwa kwa nguvu siku za watu wengi. Niliona kila kitu bila kukiona: feni, upepo, ile kanzu inainuka. Wifi alinishika kifundo cha mkono akakibana. Mwanamke mmoja alisema, "Vipi, kipaza sauti kimeharibika?" Mimi nilikuwa nimeshaanza kunyanyuka, sijui nikienda wapi, maana msikitini sikuwa na njia ya kuingia.

Akaendelea. "Kwa mahari mliyoafikiana," alisema, sauti imepungua lakini inasikika. Na sauti changa ikadakia, haraka mno, kama aliyekuwa ameizuia pumzi, "Nimekubali kumwoa." Uani vigelegele vikalipuka. Binti yangu alikuwa ananiita kutoka ndani, nami nikaenda.

Niliweza kumwuliza bwanangu baadaye kidogo, walipokwisha kula, alipoingia chumbani nimvue. Jua lilikuwa bado limo dirishani. Nilifungua kamba kuanzia juu.

"Ilikuwa feni?" niliuliza.

"Feni gani?"

"Uliponyamaza."

Alifikiri. "Sikuisikia feni," alisema. "Nilipotaja jina lake nikamwona mdogo, anakuja karakana na kile kikombe chake cha plastiki kutaka maranda achezee. Maneno yakakwama. Kijana akanikaza mkono, ndipo nikaendelea." Alitazama lile shati la drili mikononi mwangu, limelowa jasho mgongo mzima. "Ubavu niliusahau. Umenikumbusha sasa hivi wewe ulipofungua."

Akalala pale pale, kwa upande wa kushoto, kabla hata wageni hawajaondoka. Nilimwambia kila aliyeuliza kwamba kapumzika. Nilitaka kulala pia, lakini kulikuwa na masufuria ya kuazimwa ya kusugua, na watu wa Vanga walitaka chai ya safari.

Maumivu yalimwacha taratibu, mwezi baada ya mwezi, si kwa siku unayoweza kuionyesha kidole. Kwanza inzi akawa inzi tu. Kisha feni tukaiwasha kwa namba ndogo. Siku za baridi ya kusi bado hushika ubavu na kukaa kimya, nami simwulizi. Wifi amewashonea mashati ya namna ile watu wengine wawili walioelekezwa kwake na yule daktari, na kila mmoja alikuja kuniomba mimi nieleze namna ya kuiivisha drili. Nawaeleza. Nawaambia wasitumie wanga, na wasiwe na haraka.

Binti yetu yuko Msambweni na mumewe. Huja Jumamosi moja na kuruka moja. Mimi bado niko dobi, bega bado linashuka, na tangu mwenzangu aende likizo kwao bara nafanya kazi ya watu wawili. Jana kulikuwa na kundi la wageni wapya na mlima wa mashati, popilini karibu yote. Nilianza na kola.